Askari wa Rumi aseme Kiswahili kipi?

Alasiri moja nilikuwa nimeketi barazani Mji wa Kale, hatua chache kutoka lango la Fort Jesus, kikombe cha kahawa chungu mkononi, akanijia kijana niliyemfundisha zamani. Akaamkia, "Shikamoo, Maalim." Nikamwitikia. Akatoa mkobani daftari mbili nene, akaniomba nimsomee. Anaandika riwaya ya vita vya ngome ile tuliyokuwa tukiitazama: askari waliohusuriwa ndani kwa karibu miaka mitatu, maji ya kupimiwa, maradhi, meli za msaada zinazochelewa. Ameipenda fani hii tangu shuleni, kwa kusoma vitabu vya Kizungu kuhusu askari wa Kirumi waliolinda mipaka ya dola yao huko Uingereza na Ujerumani.

Nikafungua daftari la kwanza. Sura tatu za mwanzo ni za Kiswahili. Ya nne ni ya Kiingereza.

"Mbona umehama?" nikamwuliza.

"Maalim, Kiswahili hakina maneno ya vita vya kale. Kila askari wangu akifungua kinywa, anakuwa polisi wa Makupa."

Nilicheka, lakini nilipokwenda nyumbani neno lake lilininyima raha. Nilirudi kwenye zile sura tatu nikaona amesema kweli kuhusu askari wake. Mwaka ni 1696, na mlinzi wa ukutani anapiga saluti na kusema "Ndiyo, afande!" Mwingine anavaa "kombati". Wa tatu anataka "kuripoti". Kosa ni lake, si la lugha. Ila ni kosa ambalo waandishi wetu wengi hulifanya, kwa hiyo nimeona tulizungumze hapa kwa urefu kidogo.

Tuanze na hao Warumi wenyewe waliomtia kijana wazimu. Askari wa Kirumi hakusema Kiingereza, na mwandishi wa Kiingereza analijua hilo. Alifanyaje basi? Rosemary Sutcliff, katika The Eagle of the Ninth ya mwaka 1954, aliwapa wahusika wake Kiingereza chenye harufu ya kale kidogo, safi, kisicho na misimu ya mjini. Simon Scarrow, aliyeanza mfululizo wake wa Macro na Cato mwaka 2000 kwa Under the Eagle, alishika njia ya pili: askari wake hutukana na kutaniana kama wanajeshi wa Uingereza wa siku hizi kambini. Wasomaji wamezipokea njia zote mbili. Sutcliff anamwambia msomaji kwamba watu hawa waliishi zamani. Scarrow anamwambia kwamba askari ni askari, zama zozote. Mwandishi huchagua njia moja akaishika. Kijana wangu hakuchagua. "Afande" alimponyoka tu, kwa kuwa ndilo neno analolisikia kila siku kwenye kizuizi cha barabarani.

Neno lenyewe lina kisa. Afande ni efendi ya Kituruki, na Waturuki waliitwaa kwa Wagiriki wa Konstantinopoli, yaani wale ambao Waarabu, na sisi baada yao, tuliwaita Warumi. Kwa hiyo "afande" kinywani mwa Mrumi si jambo la kuchekesha kama linavyoonekana! Kwetu lakini lilifika kwa njia nyingine kabisa: lilikuja na askari wa Kisudani, wale ambao Wajerumani waliwaandikisha Misri mwaka 1889 na ambao Waingereza nao waliwatumia Uganda. Mwaka 1696 hapakuwa na mtu Mombasa wa kuitwa afande. Neno halijafika.

Sasa, je, ni kweli kwamba Kiswahili hakina askari wa Kirumi? Hapa ndipo nilipomwambia kijana avute kiti.

Mwaka 1728, katika kisiwa cha Pate, Bwana Mwengo alitunga utenzi wenye zaidi ya beti elfu moja. Tunaujua kwa jina la Utenzi wa Tambuka, na jina lake la pili ni Chuo cha Herekali. Huyo Herekali ni Heraclius, kaisari wa Rumi ya Mashariki aliyetawala tangu mwaka 610 hadi 641, na Tambuka ni Tabuk, mji ulio kaskazini mwa Bara Arabu, mpakani mwa dola hiyo. Nakala yake ni miongoni mwa miswada ya Kiswahili ya kale kabisa iliyobaki. Yaani tangu miaka karibu mia tatu iliyopita, kabla hapajawa na riwaya hata moja ya Kiingereza kuhusu jeshi la Rumi mpakani, Mswahili alikwisha kukaa chini akasimulia vita vya mpaka wa Rumi, na farasi, na panga, na wajumbe wanaopeleka barua baina ya majeshi. Historia aliyoisimulia imechanganyika na ngano, sikatai. Mwanahistoria hawezi kuitegemea. Lakini ni hadithi ya kishujaa ya zamani, na ndiyo fani anayoitaka kijana.

Na Bwana Mwengo alilitatuaje lile tatizo la lugha? Hakulitatua, hakuliona. Kaisari wake anasema Kiswahili cha Kaskazini, Kiswahili cha utenzi, kile kile ambacho angekisema sultani wa Pate barazani kwake. Hakuomba radhi. Hakutia neno la Kirumi ili kuonyesha kwamba amesoma. Alijua kwamba msikilizaji wake akisikia mfalme anasema kama mfalme, ataamini kwamba ni mfalme.

Tena angalieni mwaka. Mnamo 1728 hiyo hiyo Wareno, waliokuwa wamefukuzwa Mombasa miaka thelathini nyuma, waliirudia ngome kwa muda mfupi, na walisaidiwa na mtawala wa Pate. Mwaka uliofuata wakatolewa tena. Siwezi kusema kwamba mshairi alipomwandika kaisari alikuwa akimfikiria Mreno. Ninachosema ni kwamba watu waliosikiliza utenzi ule waliijua dola ya kigeni yenye ngome mpakani. Waliiona kwa macho yao.

Hazina ya pili ni tafsiri ya Biblia. Sizungumzii imani ya mtu, nazungumzia msamiati. Agano Jipya limejaa askari wa Kirumi walioko mpakani mwa dola, na wafasiri walilazimika kuwatafutia vyeo. Fungueni toleo la Muungano la 1952. Yule mkuu wa askari mia ni akida. Mkubwa wa kikosi pale Yerusalemu ni jemadari. Pilato ni liwali. Na silaha ambazo Paulo anazitaja katika waraka wake kwa Waefeso, silaha za askari wa Kirumi, ni dirii, ngao na chapeo.

Vyeo vyote vitatu ni vya Mombasa na Zanzibar. Liwali ndiye aliyetawala mji kwa niaba ya Sultani. Akida ndiye aliyekuwa mkubwa wa askari ngomeni. Jemadari lilikuja na Wabaluchi, askari waliotoka upande wa pili wa bahari na kuwatumikia masultani wa Oman na Zanzibar. Wajukuu wao bado wako nasi, na msikiti wao uko Makadara. Wafasiri waliokuwa wakitafuta neno la kumwita Mrumi anayelinda mji usio wake walitazama ngome iliyo karibu yao wakachukua vyeo vya humo. Biblia Habari Njema, iliyokuja baadaye, ilimpa Pilato cheo cha mkuu wa mkoa. Kinaeleweka, nakubali. Lakini mkuu wa mkoa ni mtu wa ofisi na faili, na kila nikisoma humuona amevaa suti ya Kaunda. Liwali ana walinzi mlangoni, na dola nzima nyuma ya mgongo wake.

Chapeo nayo ina lake. Ni chapéu ya Kireno, kofia. Mreno aliyepanda ukuta wa Mombasa na kofia yake kichwani alituachia neno, na neno hilo likaja kumvika Mrumi wa karne ya kwanza.

Mpaka hapo kijana alianza kuandika pembeni mwa daftari. Nikamwambia asifurahi mno, maana maneno haya yana tarehe. Akida na jemadari ni sawa kwa askari wa enzi za Oman. Kwa kisa cha 1696 yanafaa upande wa wanaohusuru kuliko upande wa waliohusuriwa. Na kama angetaka kisa ambacho akida yumo kwa jina na kwa cheo, kipo tayari. Mnamo Januari 1875 Muhammad bin Abdallah Bakshuwein, akida wa Mombasa, alijifungia ndani ya Fort Jesus akamwasi Sultani wa Zanzibar, na manowari za Kiingereza zikaipiga ngome mizinga mpaka akasalimu amri. Abdallah bin Masud Mazrui alikitungia utenzi kisa hicho. Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, aliuchapisha mwaka 1950 pamoja na maelezo yake. Hinawy ndiye mwenye barabara tunayopita kila siku kwenda sokoni. Wengi hulitamka jina lake wakimwelekeza dereva wa tuktuk na hawajui kwamba ndiye aliyetuhifadhia hadithi ya ngome.

Turudi 1696. Ngome ilijengwa tangu 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan aliyekuwa akiitumikia Ureno. Waomani waliihusuru tarehe 13 Machi 1696 na wakaitwaa tarehe 13 Disemba 1698. Katika daftari za kijana, walio ndani ni Wareno watupu, wenye majina marefu na ndevu nyekundu, na Waswahili wanaonekana mara mbili: wanachota maji, na wanakufa.

Hapo sikuvumilia. Hesabu ya walio ndani haikuwa hivyo. Walikuwamo Wareno, walikuwamo Wahindi waliotoka Goa, walikuwamo Waswahili waliokuwa na ugomvi wao na Oman, hasa watu wa Faza, na walikuwamo Waafrika wengine, wanaume kwa wanawake. Tauni ilipoingia ikawafagia. Mnamo Agosti 1697 kapteni wa Kireno, António Mogo de Melo, alifariki, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Dau wa Faza, na watu wake wachache, na wanawake wa Kiafrika waliokuwa wengi kuliko wanaume. Kwa wiki kadhaa, mpaka msaada ulipofika Septemba, ngome ya mfalme wa Ureno ililindwa na watu ambao riwaya ya kijana iliwapa ndoo za maji.

Na ndivyo ilivyokuwa hata kwa Warumi. Kule Vindolanda, karibu na ukuta ambao Kaisari Hadrian aliamuru ujengwe mwaka 122, wachimbuzi wamekuwa wakitoa ardhini tangu 1973 vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino: barua za askari, hesabu za chakula, mtu anaomba pombe zaidi kwa ajili ya vijana wake, mtu ametumiwa soksi na nguo za ndani, mke wa kamanda anaalikwa karamu ya siku ya kuzaliwa. Walioandika wengi hawakuzaliwa Roma wala kuiona. Walikuwa Wabatavi na Watungri, watu wa kaskazini walioajiriwa kuwalinda Warumi dhidi ya watu wa kaskazini wenzao. Kibao kimoja kinawataja wenyeji kwa neno la dharau, Brittunculi. Wafasiri wa Kiingereza hulihangaikia neno hilo. Huhitaji vivumishi viwili kulifasiri. Sisi hatuna haja ya kivumishi. Tunabadilisha ngeli tu: Mbritoni anakuwa kijibritoni, wakiwa wengi vijibritoni, na dharau yote imo ndani ya kiambishi. Mtu atakayesema lugha hii haina nyenzo za kambi ya askari hajawahi kutukanwa kwa ngeli ya ki-vi.

Hata msaliti mashuhuri wa mipakani tunaye. Warumi walikuwa na Arminius, mwana wa wakubwa wa Kijerumani waliyemlea katika jeshi lao, naye mwaka wa 9 akawageuka akaangamiza majeshi matatu msituni. Mombasa ilikuwa na Yusuf bin Hasan. Wareno walisababisha kifo cha baba yake, wakamchukua yeye mtoto hadi Goa, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha awe mfalme mtiifu. Mnamo Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni, akaitwaa. Wareno hawakuirudia ila mwaka uliofuata, baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Alisema na kapteni kwa Kireno. Aliwaamrisha watu wake kwa Kiswahili. Mwandishi atakayemshika huyu atapata riwaya nzima ya lugha mbili katika kinywa kimoja.

Basi askari wa 1696 ndani ya ngome wazungumze vipi? Ushauri niliompa ni huu. Walipo Waswahili, waseme lahaja zao. Mombasa ni Kimvita: ndia, si njia, mato, si macho, ndoo, si njoo. Nani atasema hayo ni ya kubuni, na bango la barabara ya Mji wa Kale bado limeandikwa Ndia Kuu? Lakini Bwana Dau si mtu wa Mvita. Watu wa Faza wana Kitikuu chao. Kama mwandishi hakijui Kitikuu, na aende akasikilize, au aandike Kiswahili cha kawaida chenye adabu na atuachie sisi tujazie sauti. Lahaja ya kubahatisha ni mbaya kuliko kukosa lahaja. Mreno akisema na Mreno, atumie Kiswahili sanifu kisicho na misimu, kama alivyofanya Sutcliff kwa Kiingereza. Akisema na Mswahili, Kiswahili chake kivunjike kidogo. Kidogo tu, ukivunja kila sentensi msomaji atachoka kabla ya ngome kutekwa.

Silaha zao zina majina mema. Bunduki na baruti zimo tangu zamani. Mzinga ni wetu hasa: gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, na bomba la chuma linalotema moto likafananishwa nalo. Shimo kavu linalozunguka ukuta ni handaki, la Kiarabu kutoka Uajemi. Mnara wa pembeni ni buruji. Kuuzunguka mji na kuuzuia ni kuuhusuru, au kuuzingira. Wazee waliita hali yenyewe mazingiwa, neno ambalo nalisikitikia, kwa kuwa ndugu yake, mazingira, siku hizi ana wizara na mazingiwa hana hata kijiji. Na usiku, ukutani, askari hawezi kuzungumza vita tu. Hucheza karata. Karata yenyewe ni neno la Kireno, na kopa, na uru, na shupaza, majina ya karata wanayoyataja vijana wetu vibarazani bila kujua kwamba yalishuka pwani pamoja na mabaharia na askari. Hiyo peke yake ni sura nzima: mtu wa Faza na mtu wa Lisbon hawana lugha moja, lakini wote wanajua shupaza.

Kijana akaniuliza neno moja ambalo sikulitarajia. "Na ngome yenyewe, Maalim, Bwana Dau ataiitaje?"

Swali zuri. "Fort Jesus" halimo, hicho ni Kiingereza. "Kasri" lina mvuto, nalo kwa asili ni la askari wa Kirumi hasa: castrum, boma la jeshi, likapita kwa Wagiriki na Waarabu, likatufikia likiwa limeacha uaskari na kuwa jumba la tajiri, kama lile la Mwinyi Fuad katika riwaya ya Adam Shafi. Kwa hiyo kasri sasa lina mito ya hariri, halifai. Liko "gereza". Hili ni igreja ya Kireno, kanisa, kwa kuwa ndani ya ngome mlikuwa na kanisa, na wenyeji wakaliita jengo zima kwa kile walichosikia kikitajwa. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale bado inaitwa Gereza, na hakuna aliyefungwa humo leo. Kwetu maana iligeuka. Waingereza walipoitumia Fort Jesus kuwa jela tangu 1895 hadi 1958, neno na jengo vikakutana tena, na kanisa la Mreno likawa mahali pa kufungia wezi wa kuku.

Kijana alilipenda. Mimi niliona tatizo: Bwana Dau akisema, "Nitalilinda gereza hili," msomaji wa leo atafikiri ni askari jela. Tukabishana mpaka muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe. Yeye anasema msomaji atazoea baada ya kurasa tano. Mimi nasema kurasa tano ni nyingi, atumie "ngome" kwa watu wote na "gereza" kwa Bwana Dau peke yake, tena mara ya kwanza iwe usiku ule kapteni anapokufa, aseme, "Sasa gereza ni letu." Alikaa kimya, akaandika kitu pembeni, hakunionyesha.

Juzi ameniletea sura ya nne. Ni ya Kiswahili. Ni usiku wa Agosti 1697, na juu ya buruji ya upande wa bahari yuko mwanamke mwenye bunduki asiyejua Kireno, anayemsikia mtu akitembea gizani chini ya ukuta. Anamwuliza, "Nani wewe?" Jibu bado halijaandikwa. Kijana hajaamua kama yule wa chini atajibu kwa Kimvita, Kitikuu au Kiarabu, na mpaka aamue, hajui kama atapigwa risasi.